Uganda: Meli ya Ratiba Iliyogeuzwa Darasa la Baharini

Meli Uganda ilishushwa majini tarehe 15 Januari 1952 katika karakana ya Barclay Curle, Whiteinch, kwenye mto Clyde mjini Glasgow. Aliyeizindua ni Lady Hall, mke wa Sir John Hall, gavana wa Uganda wa miaka ile. Mwenye meli alikuwa British India Steam Navigation, kampuni ambayo watu wa pwani walizoea kuitambua kwa dohani yake nyeusi yenye mikanda miwili myeupe. Pacha wake, Kenya, alitoka katika karakana hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Jina la Uganda lilikuwa na kichekesho chake, maana nchi yenyewe haina pwani, na gati la karibu, la Kilindini, Mombasa, liko mbali nayo zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli. Lakini pamba na kahawa yake vilipitia hapo, na maofisa wake walishukia hapo, kwa hiyo jina halikuwa geni kwa meli inayokwenda Mombasa.

Kampuni hiyo ilikuwa na umri wa karibu karne nzima. Ilianzishwa 1856 kwa ajili ya barua kati ya Calcutta na Burma, chini ya Mskoti William Mackinnon, na mwaka 1862 ikachukua jina la British India. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, pwani ya Afrika Mashariki ikasogea karibu na Ulaya kwa ghafla. Mwaka 1872 British India ikapewa mkataba wa kupeleka barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Sayyid Barghash wa Zanzibar naye alinunua meli zake za moshi na kuzipeleka Bombay, akaisumbua kidogo kampuni ya Waingereza katika nauli, lakini mkataba wa barua ulikuwa ruzuku ya serikali, na mshindani asiye na ruzuku hashindi vita vya nauli muda mrefu. Mackinnon ndiye huyohuyo aliyeongoza kampuni iliyopewa hati ya kutawala Kenya na Uganda mwaka 1888. Meli zilitangulia, bendera ikafuata. Mwaka 1914 British India iliungana na P&O, ila ikaachiwa jina lake, bendera yake na dohani yake.

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 kampuni ilikuwa imepungukiwa meli, huku abiria wakiongezeka. Serikali ya Uingereza ilikuwa inapeleka Afrika Mashariki mabwana shamba, madaktari, walimu, wahandisi wa barabara na maofisa wa wilaya wengi kuliko wakati wowote uliopita. Walowezi wapya walikuwa wanaelekea nyanda za juu za Kenya. Kusini mwa Tanganyika ulikuwa umeanzishwa mradi mkubwa wa karanga, ambao ulikufa mapema lakini ukaacha nyuma yake bandari ya kina kirefu ya Mtwara, mwendo mfupi tu kutoka mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Kenya na Uganda ziliagizwa kwa ajili ya msongamano huo.

Uganda ilikuwa na uzito wa tani 14,430 kwa kipimo cha ujazo, urefu wa futi 540, na turbini za mvuke zilizozungusha mapangaboi mawili. Kasi yake ya kawaida ilikuwa maili 16 za baharini kwa saa, kasi ya kiasi tu. Ilichukua abiria 167 wa daraja la kwanza na 133 wa daraja la utalii, jumla 300. Kwa meli ya ukubwa ule abiria hao ni wachache, na sababu ni ngama zake: nusu ya kazi ya meli ilikuwa mizigo. Ilipeleka mashine, saruji, magari na nguo, ikarudi na kahawa, pamba, katani na karafuu. Dohani yake ilirefushwa ikazidi ya Kenya kwa futi 15 hivi, ili masizi yasiwaangukie abiria wa sitaha ya nyuma. Kwa urefu huo wa dohani mtu aliye gatini aliweza kutofautisha pacha mmoja na mwenzake kabla hajasoma jina.

Ndani, ukumbi wa kuvutia sigara wa daraja la kwanza ulipambwa kwa jozi ya pembe za ndovu zilizosimamishwa ukutani. Ndiyo ilikuwa Afrika iliyoletwa karibu na kiti cha ngozi na glasi ya wiski kabla abiria hajaiona Afrika yenyewe. Maofisa walikuwa Waingereza. Mabaharia wa sitahani na wa chumba cha injini walikuwa Wahindi chini ya serahangi wao, na watumishi wa vyumba na mezani walikuwa Wagoa. Mpangilio huo ulikuwa wa kampuni nzima, na ulidumu hata meli ilipobadilishwa kazi. Katika picha nyingi za meli hiyo za miaka ya 1970, anayebeba sinia bado ni Mgoa aliyevaa koti jeupe.

Safari ya kwanza ilianza London tarehe 2 Agosti 1952. Ratiba ilipita Gibraltar, Port Said, Port Sudan na Aden, kisha Mombasa, mara nyingine Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, na ikaishia Beira au hata Durban. Kutoka London hadi Mombasa zilikuwa kama wiki tatu. Hiyo ndiyo maana ya meli ya ratiba: inakwenda bandari zilezile kwa tarehe zilizotangazwa, ijae isijae, na abiria anaipanda kwa kuwa ana pa kwenda. Kilindini palikuwa na magati ya kina kirefu tangu miaka ya 1920, hivyo meli ilifunga kamba na abiria wakashuka kwa ngazi. Zanzibar ilitia nanga nje, mbele ya Forodhani, abiria wakaletwa pwani kwa mashua na mizigo kwa matishari. Dar es Salaam nako mambo yalikuwa hivyohivyo mpaka magati matatu ya kina kirefu yalipofunguliwa 1956. Kwa hiyo miaka minne ya kwanza, mtumishi wa serikali aliyepangiwa Dodoma au Songea alianza Tanganyika yake kwa kushuka ngazi ya ubavuni mwa meli na kurukia mashua inayoyumba.

Inafaa kuelezwa pia meli hiyo haikuwa ya nani. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyekwenda kuona jamaa Gujarat, mtoto wa Kigoa aliyekwenda shule, au Mzanzibari mwenye shughuli Bombay hakupanda Uganda. Alipanda Kampala au Karanja, meli za kampuni hiyohiyo zilizojengwa 1947 na 1948 kwa ajili ya njia ya India, zenye mamia ya abiria wa sitaha waliotandika mikeka yao na kujipikia au kupikiwa kwa zamu. Kwa wenyeji wengi wa pwani neno British India liliwakumbusha meli hizo za Bombay. Uganda na Kenya zilikuwa meli za watu wa London.

Baada ya Dar es Salaam ilibaki safari ndefu kuliko zote za pwani, karibu maili 1,000 za baharini hadi Beira bila kugusa bandari. Kwa kasi ya maili 16, ni siku mbili na nusu. Meli iliyong'oa nanga Dar es Salaam jioni ilikuwa inapita mbele ya Rasi ya Delgado asubuhi au mchana wa siku ya pili. Upande wa kulia, kama ingekaribia, abiria wangeona mdomo wa Ruvuma, ghuba ya Tungi na mji wa Palma, kisha Mocímboa da Praia, na baada yake mlolongo wa visiwa vya Kirimba hadi Ibo. Lakini nahodha hakuwa na sababu ya kukaribia. Kuna miamba na mafungu mengi kati ya visiwa hivyo, na mkondo wa bahari hapo unavuta kwa nguvu. Meli kubwa zilikaa nje, kwenye maji ya buluu, na mtu wa Palma aliyekuwa ufukweni aliona moshi tu, kama aliona kitu.

Kutotia nanga huko hakukutokana na miamba peke yake. Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado ilikuwa moja na pwani ya Kilwa na Zanzibar kwa lugha, dini na biashara. Kimwani cha Ibo na Mocímboa ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, na hadi 1887 Tungi yenyewe ilikuwa inagombaniwa kati ya Sayyid wa Zanzibar na Wareno. Mwaka huo Wareno wakaichukua kwa mizinga. Pembetatu ndogo ya Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, ikashikwa na Wajerumani mwaka 1894 na kurudi kwa Wareno 1916 wakati wa vita. Mpaka ulipokwisha kuchorwa, upande wa kusini ulikabidhiwa kampuni ya kibiashara, Companhia do Nyassa, iliyotawala Cabo Delgado na Niassa hadi 1929. Kampuni hiyo ilitoza kodi ya vibanda na kuuza nguvukazi ya watu, wala haikujenga bandari ya kutamanisha meli ya London. Makao yake yalikuwa Ibo, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 yakahamishiwa Porto Amélia, kwenye ghuba pana ya kina kirefu. Ndio mji unaoitwa Pemba tangu uhuru. Ghuba ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na reli ya kuileta shehena kutoka bara, na meli ya ratiba hufuata shehena.

Kilichoihudumia pwani hiyo kilikuwa jahazi. Kusi ilipovuma, majahazi na mashua yalipanda kaskazini na samaki wakavu, nazi, mikeka na boriti za mikoko. Kaskazi ikawarudisha wenye vyombo na nguo, sukari na habari za Zanzibar. Watu nao walisafiri. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kwa miguu au kwa mtumbwi kwenda kukata mkonge Tanganyika, na wengine walifika Mombasa na Zanzibar. Hiyo ndiyo njia ya abiria iliyokuwa na maana kwa Cabo Delgado katika miaka ambayo Uganda ilikuwa inapita nje ya upeo wa macho. Haikuwa na tiketi, na idadi ya abiria wake haikuandikwa popote.

Wareno walikuwa na meli zao. Mwaka 1961 zilitoka karakani mbili kwa mpigo kwa ajili ya njia ya Lisbon, Luanda, Lobito, Cape Town, Lourenço Marques na Beira. Príncipe Perfeito, tani 19,393, ilijengwa Newcastle kwa ajili ya Companhia Nacional de Navegação. Infante Dom Henrique, tani 23,306, ilijengwa Hoboken karibu na Antwerp kwa ajili ya Companhia Colonial de Navegação. Zote mbili zilikuwa na viyoyozi, mabwawa ya kuogelea na kasi iliyoizidi Uganda kwa mbali. Zilikuwa meli za utawala uliokuwa unaamini kwamba utakaa, na zilianza kazi mwaka uleule ambao Tanganyika ilipata uhuru wake. Tarehe 25 Septemba 1964 risasi ya kwanza ya vita vya ukombozi ililia Chai, Cabo Delgado, na meli za abiria za Ureno zikawa zinaleta huku shehena nyingine pia: askari. Vera Cruz, meli ya 1952 iliyojengwa kwa njia ya Brazil, ilitumika kuwabeba hadi ilipouzwa na kuvunjwa mwaka 1973.

Kilichoiondoa Uganda kwenye pwani hii, hata hivyo, hakikuwa siasa peke yake. Tarehe 2 Mei 1952, miezi mitatu kamili kabla meli haijaanza safari yake ya kwanza, shirika la ndege la BOAC lilianza safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti duniani. Ndege hiyo, Comet, ilitoka London kwenda Johannesburg, na kati ya vituo vyake kimoja kilikuwa Entebbe. Yaani abiria wa jeti walikuwa wamekwisha kutua nchini Uganda kabla meli Uganda haijafika Mombasa. Safari nzima hadi Johannesburg ilikwenda kwa saa zisizofika 24. Mwezi Februari mwaka huohuo Binti Mfalme Elizabeth alikuja Kenya kwa ndege. Meli Gothic ilikuwa inamngojea Mombasa aendelee na ziara kwa bahari, lakini baba yake alipofariki alirudi kwao kwa ndege kutoka Entebbe, akiwa malkia. Meli ikabaki gatini. Mtu aliyetaka kuona mambo yanakoelekea angeyaona katika miezi ile michache.

Comet za kwanza ziliingia mikosi ya kupasuka angani na zikasimamishwa 1954, jambo lililozipa meli miaka michache ya nafuu. Nafuu hiyo haikudumu. Comet zilizoboreshwa zilirudi 1958, na East African Airways ikapata zake 1960, kisha Super VC10 mwaka 1966. Serikali ya kikoloni ilikuwa mteja mkuu wa daraja la kwanza: ilimlipia ofisa nauli ya kwenda likizo na kurudi, mke na watoto wakiwamo, na wiki za baharini zilihesabiwa kuwa sehemu ya mapumziko. Baada ya uhuru wa Tanganyika 1961, Uganda 1962, na Zanzibar na Kenya 1963, mteja huyo akaondoka. Waliobaki kwa mikataba mifupi hawakupewa wiki tatu za kukaa sitahani. Kufikia 1967 njia ya London na Afrika Mashariki ilikuwa haina faida tena, na British India ikaifunga kwa abiria. Juni mwaka huo Suez nayo ikafungwa kwa vita, isifunguliwe mpaka 1975, kwa hiyo hata mwenye kutaka kuendelea angelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kenya ikauzwa na kuvunjwa La Spezia, Italia, mwaka 1969. Meli hiyo haikuwa na kasoro yoyote ya kumzidi pacha wake. Ilikosa kazi tu.

Uganda ilipata kazi kwa sababu kampuni yake ilikuwa na biashara moja ya pembeni iliyokuwa inakua. Tangu miaka ya 1930 British India iliwahi kutumia meli za askari, katika miezi zisipokuwa na askari, kuwatembeza wanafunzi wa shule za Uingereza. Serikali ilipoacha kusafirisha askari kwa bahari mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ilibaki na meli zenye mabweni, na mabweni hayafai kitu ila kwa askari au watoto wa shule. Dunera ikaanza 1961, Devonia ikafuata, kisha Nevasa 1965. Shule ziliziitikia. Dunera na Devonia zilipochakaa, Uganda ikapelekwa Hamburg, kwenye karakana ya Howaldtswerke, mwaka 1967.

Ilipotoka huko mwanzoni mwa 1968 ilikuwa na tani 16,907. Ngama zilizobeba kahawa na katani zilikuwa zimegeuzwa mabweni ya vitanda vya juu na chini. Sitaha zilikuwa zimejazwa upande wa nyuma, pakawekwa madarasa, ukumbi wa mikutano na bwawa la kuogelea la wanafunzi. Sasa ilichukua wanafunzi 920 pamoja na abiria 306 wa vyumba. Mizigo haikuwapo tena. Vyumba vya zamani vya daraja la kwanza, pamoja na ukumbi wa kuvutia sigara na pembe zake za ndovu, viliachwa karibu vilevile kwa ajili ya hao abiria wa vyumba, wengi wao wazee wa makamo waliopenda mihadhara, maktaba na chai ya saa kumi. Meli moja ikawa na dunia mbili: chini watoto wa miaka 13 wakilala kwa makundi na kupanga foleni ya chakula na trei mkononi, juu watu wa umri wa babu zao wakivaa tai kwa chakula cha jioni. Mpaka kati ya dunia hizo ulilindwa kwa milango na matangazo. Wenye kuona mfanano na madaraja ya meli za ukoloni hawakukosea, ingawa hapa kilichotenganisha watu kilikuwa umri na kelele.

Safari ya kwanza ya namna hiyo ilianza Southampton tarehe 27 Februari 1968 kwenda Mediterania. Kazi ilikuwa imebadilika kiini chake. Meli ya matembezi humrudisha abiria alikopandia, na bandari anazoziona njiani ndizo bidhaa anayouziwa. Uganda sasa ilizungukia Ugiriki, Uturuki, Misri na Lebanoni, na majira ya joto ikapanda Norway na Baltiki. Asubuhi wanafunzi walisikiliza somo juu ya bandari ya kesho. Kesho wakapakiwa kwenye mabasi kuiona. Jioni wakaandika katika daftari. Wengi wao hawakuwa wamewahi kutoka Uingereza. Kasi ndogo, iliyokuwa udhaifu mbele ya ndege, sasa haikumsumbua mtu, kwa kuwa safari iliuzwa kwa siku, na meli iliyokwenda polepole ilikula mafuta kidogo. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, Nevasa ilivunjwa, na Uganda ikabaki peke yake kuendesha shughuli hiyo. Katika miaka hiyohiyo P&O iliimeza British India kabisa, na jina la kampuni likabaki kwa wanaokumbuka.

Miaka 14 ya matembezi ilikatizwa Aprili 1982. Uganda ilikuwa Alexandria ikiwa na wanafunzi takriban 900 wakati serikali ya Uingereza ilipoitwaa kwa ajili ya vita vya visiwa vya Falkland. Ilikwenda Naples, wanafunzi na abiria wakashushwa na kurudishwa kwao kwa ndege, kisha ikaingia Gibraltar. Kwa siku zisizozidi nne mafundi waliondoa madawati, wakaweka wodi na chumba cha upasuaji, na nyuma wakajenga uwanja wa kutua helikopta. Ilipakwa rangi nyeupe yote na kuchorwa misalaba mikubwa myekundu ubavuni na kwenye dohani. Wapasuaji na wauguzi wa jeshi la majini, wanawake wakiwa wengi kati ya wauguzi, wakapanda. Mabweni yaliyojengwa kwa wanafunzi yalifaa wagonjwa kwa sababu ileile iliyoyafanya yafae wanafunzi: vyumba vipana, vitanda vingi, ngazi chache za kupandisha machela.

Huko kusini ilipewa jina la mawasiliano la Mother Hen, yaani kuku mwenye vifaranga. Ilitibu majeruhi 730, kati yao Waajentina 150, na ndani yake zilifanywa operesheni 504. Wengi waliletwa baada ya shambulio la tarehe 8 Juni dhidi ya meli ya Waingereza, Sir Galahad, wakiwa wameungua. Kwa sheria za Geneva mahali pa meli za hospitali palijulikana na pande zote mbili, na mgonjwa wa adui alilazwa katika wodi zilezile. Meli ndogo tatu za upimaji, Hecla, Hydra na Herald, ziliwachukua waliopata nafuu hadi Montevideo ili wasafirishwe kwa ndege. Uganda ilirudi Southampton tarehe 9 Agosti 1982.

Ilijaribu kurudia wanafunzi mwishoni mwa Septemba mwaka huo, lakini kwa miezi michache tu. Januari 1983 wizara ya ulinzi iliikodi kwa miaka miwili kubeba askari kati ya kisiwa cha Ascension na Falkland, ambako uwanja wa ndege uliokuwapo haukutosha ndege kubwa. P&O haikuwa na hamu tena ya kuirudisha meli ya turbini yenye umri wa miaka 30 kwenye matembezi, kwani mafuta yalikuwa ghali na ukarabati ungegharimu zaidi ya thamani yake. Uwanja mpya wa Mount Pleasant ulifunguliwa Mei 1985. Kazi ya Uganda ilikuwa imekwisha Aprili, mwezi mmoja kabla. Hii ilikuwa mara ya pili ndege kuinyang'anya abiria wake.

Ikafungwa kwenye mto Fal, Cornwall, kwa mwaka mzima. Waliosafiri nayo utotoni walichangisha na kuandika barua wakitaka ihifadhiwe, lakini meli ya futi 540 haihifadhiwi kwa michango ya mapenzi. Mwaka 1986 iliuzwa kwa kampuni ya Triton iliyoandikishwa Barbados. Jina Uganda likafutwa, ikaandikwa Triton kwa ajili ya safari moja tu, na tarehe 20 Mei ikaondoka. Ilifika Kaohsiung, Taiwan, tarehe 15 Julai 1986, kwenye bandari ileile ambako Vera Cruz ya Wareno ilivunjiwa miaka 13 kabla. Wavunjaji hawajaianza kazi, tarehe 22 Agosti kimbunga Wayne kikaipiga, ikakatika kamba, ikapanda fungu na kulala ubavu. Ililala hivyo kwa miaka kadhaa, dohani yake ndefu ikiwa imeelekea majini, huku ikikatwa vipande polepole hapo ilipolala.

Meli za Wareno zilikuwa na miisho tofauti. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, njia ya Lisbon na Beira ilikufa kwa kishindo zaidi kuliko ya London, kwa kuwa safari zake za mwisho zilijaa waliokuwa wanahama. Príncipe Perfeito ikauzwa 1976 na kuwa nyumba ya wafanyakazi huko Saudi Arabia. Kampuni ya matembezi ya Sitmar iliinunua 1979 kwa nia ya kuigeuza, ikatangaza hata jina jipya, kisha ikaghairi. Meli ikarudi kuwa bweni la vibarua mpaka ilipovunjwa Alang, India, mwaka 2001. Infante Dom Henrique nayo ilikaa Sines, Ureno, ikilaza wafanyakazi wa ujenzi wa bandari karibu miaka kumi, kabla familia ya Kigiriki ya Potamianos haijainunua 1986. Iliyotoka karakani 1988 iliitwa Vasco da Gama, kisha kuanzia 1991 Seawind Crown, ikifanya matembezi Karibi kutokea Aruba. Kampuni ya mwisho iliyoiendesha, Premier Cruises, ilifilisika Septemba 2000 wakati meli iko Mediterania. Ikafungwa Barcelona. Mwaka 2004 ilivunjwa China, ikiwa ya mwisho kati ya meli za abiria zilizotajwa hapa.